Koo Liumalo: Mjadala wa Watu Wanne Barazani

Hapana kiungo cha mwili kinachohukumiwa kwa pupa kama koo. Mtoto akiamka asubuhi hawezi kumeza mate, shingo imemvimba na sauti imemkauka, basi kabla hajafunuliwa kinywa wala kuelekezewa mwanga, maradhi yake huwa yamekwisha kupewa jina: huyu atasema ni mafindofindo, yule atasema kimio kimeshuka, jirani wa tatu atasema ni baridi ya alfajiri, na kila jina huja na dawa yake mkononi. Kwa kuwa jambo hili linagusa roho za watoto wetu, nami naliona limepuuzwa kupita kiasi, nimependelea nisiliandike kwa sauti yangu peke yake, bali niwakalishe barazani watu wanne wa namna ile ipatikanayo katika kila mtaa wa pwani, toka Lamu hata Kilwa, na kila mmoja aseme aaminivyo: Bibi, mkunga wa zamani aliyewapokea watoto wa mtaa mzima, Maalim, mwenye chuo cha Kurani, Kijana, mwenye duka la dawa, na Tabibu, mwanamke aliyesomea maradhi ya watoto. Mimi nitaingia pale tu nitakaposhindwa kunyamaza.

BIBI: Mimi ni mtu mzima, wanangu, nitasema niliyoyaona wala sitayapamba. Mtoto akikohoa usiku kucha, akatapika, akakataa kula na koo likamvimba, wazee wetu walimfunua kinywa wakatazama kimio, na wakikikuta kimekuwa chekundu na kirefu hata kinagusa shina la ulimi, walimwita fundi akaja na kisu chake akakikata, na siku ya tatu mtoto anaomba uji. Hilo nimelishuhudia si mara moja wala mbili. Sasa mkiniambia leo kwamba mambo yale yalikuwa ujinga mtupu, mwanitaka niyakanushe macho yangu, nami siwezi.

TABIBU: Shikamoo, Bibi. Hasha, sikutaki uyakanushe macho yako. Uliyoyaona ni kweli, mtoto alikatwa na mtoto akapona. Ninalouliza ni kama kilichomponya ni kisu au ni zile siku tatu. Aghlabu ya makoo yaumayo, kwa wadogo na kwa wakubwa, huletwa na virusi vya jamii moja na vile viletavyo mafua, ambavyo hatuvitafutii dawa ya kuviua kwa kuwa mwili wenyewe huvishinda katika muda wa juma moja hivi. Na wazazi humwita fundi lini? Hawamwiti siku ya kwanza; humwita siku ya nne au ya tano, maradhi yamefika ukomo wake na subira imekwisha, na kwa hiyo mtoto akatwe asikatwe, siku ya saba ingemkuta anacheza. Kimio kilichovimba, Bibi, ni mmoja katika walioumizwa na maradhi yale, siye aliyeyaleta. Lakini kisu nacho kina hesabu yake. Nimepokea watoto waliotoka damu hata viganja vikawa vyeupe, na wengine wenye usaha kooni, na khofu ya pepopunda na ya UKIMWI haiondoki penye wembe upitao kinywa hata kinywa. Na lililo baya zaidi ni kwamba kikohozi kile kikiwa ni cha nimonia au cha kifua kikuu, siku zile za kungoja jeraha lipoe ndizo siku ambazo maradhi yenyewe hupata nafasi ya kuenea kifuani.

MAALIM: Na mimi niongeze neno la darasa langu. Mwanafunzi nimfundishaye tajwidi humwonesha kwamba herufi ya qaf hutoka mwisho wa ulimi, unapopanda juu karibu na kimio. Na matabibu hutueleza kwamba kimio, pamoja na kaakaa laini kinakoning'inia, huziba njia ya pua wakati wa kumeza ili chakula na maji visipande puani. Mola hakukiweka pale bure. Walakini nisiwadhulumu waliotangulia, kwa sababu ukataji wa vimio haukuzuliwa na mafundi wetu wa vijijini: Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyeandika kitabu chake cha Tasrif karibu na mwaka 1000, alieleza namna ya kukata kimio kilichovimba na mafindofindo yaliyokua, akachora na vyombo vyake. Lakini angalieni alichokitanguliza katika habari ya mafindofindo: aliagiza mgonjwa akalishwe mahali penye mwanga wa jua, kinywa kifunuliwe, na msaidizi akandamize ulimi kwa chombo, ili tabibu aone kabla ya kutenda. Basi tukidai tunawafuata wazee, mbona tumechukua kisu chao tukaliacha jua lao?

Swali hili la Maalim ndilo lililonifanya niandike. Kati ya makosa yote yatendwayo juu ya koo la mtoto, lililo kubwa ni kuliponya kabla ya kulitazama, na kosa hilo hulitenda mwenye kisu, mwenye vidonge, na hata mwenye shahada aliyechoka kwa wingi wa wagonjwa, akaandika dawa bila ya kuinua macho mezani.

BIBI: Hapo mmenena, na kutazama sisi wakunga tulikujua. Tulikuwa tukianza nje kabla ya ndani. Uvimbe ukiwa chini ya sikio, shavu limejaa na taya halitaki kutafuna, hayo ni matubwitubwi, na mtoto alifichwa nyumbani asiwaambukize wenzake. Uvimbe ukiwa mbele ya shingo, chini ya kongomeo, hauumi wala hauna homa, ukipanda na kushuka mtu amezapo, hilo ni tezi, na mambo yake ni marefu.

TABIBU: Bibi, umefundisha vizuri kuliko baadhi ya vitabu. Matubwitubwi ni virusi vinavyoshika tezi za mate, na mvulana aliyekwisha kubaleghe akipata maumivu ya korodani katika siku hizo aletwe hima. Tezi la shingo huwapata zaidi watu wa nchi za milimani, ambako ardhi haina madini ya iodini ya kutosha, na ndiyo sababu chumvi ya siku hizi hutiwa madini hayo viwandani. Niongeze la tatu: vinundu vya kando ya shingo vikaavyo majuma mengi bila ya kupungua, vikashikana, pamoja na homa za jioni na kukonda, tuvishuku kuwa ni kifua kikuu, kwa maana maradhi hayo, licha ya jina lake, hayakai kifuani peke yake.

KIJANA: Nisameheni wazee wangu, mimi ndiye mdogo hapa, lakini naona lawama inanijia nami bora niipokee kabla haijatajwa. Mtu huja dukani saa tatu za usiku, mwanawe analia, zahanati imefungwa, mkononi ana shilingi elfu moja. Haniulizi sababu ya maradhi, huniambia, “Nipe za rangi mbili, nne.” Nikikataa huvuka njia akazipata kwa jirani yangu. Nikimpa, kesho kutwa hupita akinishukuru. Kosa langu ni lipi?

TABIBU: Kwanza, kijana wangu, hesabu yako ni ile ile ya Bibi: wengi katika hao wangalipona hata kama ungaliwapa maji matupu, kwa sababu virusi havijui habari ya antibiotiki. Lakini nisikilize vizuri katika hao wachache waliobaki, kwani hapo ndipo penye msiba. Kuna bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A, ambaye hupenda zaidi makoo ya watoto wa makamo ya shule, toka miaka 5 hata 15. Aliyeshikwa naye homa humpanda ghafla, aghlabu hana kikohozi, tezi za mbele ya shingo humvimba na kuuma ziguswapo, na mafindofindo yake huwa mekundu yenye madoa ya usaha. Dalili hizi nne alizipanga tabibu wa Marekani, Robert Centor, mwaka 1981, na japokuwa hazitoi yakini, mtu asiye nayo hata moja ni nadra kuwa na bakteria huyo. Sasa, koo hili nalo hupoa lenyewe! Siku ya tano mtoto yu shuleni, na mzazi amesahau. Lakini askari wa mwili waliotoka kupigana na bakteria huyo huwa wamejifunza sura yake, na sura hiyo imeshabihiana na baadhi ya nyama za moyo wetu, hata baada ya majuma mawili au matatu wakageuka kumpiga mwenyewe waliyetumwa kumlinda. Viungo humvimba mtoto, leo goti, kesho kifundo cha mguu, pumzi humpungua, na vali za moyo wake, ambazo kazi yake ni kufunguka na kufungika kwa kila pigo, hukakamaa na kuacha mwanya, mfano wa mlango wa mbao uliovimba kwa mvua ukawa haukubali tena kukaa katika fremu yake. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi ya moyo, na ilianzia kooni.

KIJANA: Na dawa yake?

TABIBU: Dawa yake ni ile kongwe, penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mjini London mwaka 1928. Mwaka 1950 madaktari waliokuwa wakiwatibu askari katika kambi ya Warren, jimbo la Wyoming huko Marekani, walitangaza kwamba askari waliopewa penisilini kwa koo la namna hii walisalimika na homa ile ya moyo kuliko wenzao wasiopewa. Na tumekuja kujua ya kwamba dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lilipoanza kuuma, bado inawahi. Jambo la kumshukuru Mungu ni kwamba miongo yote hii bakteria huyu hajajifunza kuikaidi penisilini. Lakini vidonge vinne havimwondoi. Hutakiwa siku 10 kamili za vidonge, au sindano moja ya penisilini ile ikaayo mwilini majuma kadhaa, na sindano hiyo huifikiria sana pale ninapoona mzazi hatamaliza dozi. Na hivyo vya rangi mbili, vikiwa ni tetrasaiklini, bakteria huyu mara nyingi amekwisha kuvizoea, na fauka ya hayo huyatia meno ya mtoto mdogo rangi isiyotoka.

KIJANA: Nimefahamu. Lakini niambie na hili, kwa sababu limenisumbua. Mara nyingine kijana mkubwa huja, koo limevimba vibaya, amechoka mwili mzima, nampa amoksilini, naye hurudi ametoka vipele toka usoni hata miguuni, akinilaumu kwamba nimemuuzia sumu.

TABIBU: Hukumuuzia sumu, ila ulimuuzia dawa isiyo yake. Kuna virusi viitwavyo Epstein-Barr, ambavyo huambukizwa kwa mate, huvimbisha mafindofindo na tezi za shingo, huleta uchovu wa majuma, na pengine huvimbisha bandama. Na mwenye virusi hivyo akimeza amoksilini, aghlabu hutoka vipele hivyo ulivyoviona. Na habari ya kujulikana kwake inatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki, maana ilianzia Kampala. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa saratani uliokuwa ukiota katika mataya ya watoto. Michael Epstein akamsikia akihutubia London mwaka 1961, akaomba vipande vya uvimbe ule vipelekwe kwake toka Uganda, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakavikuta virusi ndani yake. Baadaye ikadhihirika kwamba virusi hivyo hivyo ndivyo vivimbishavyo makoo ya vijana duniani kote. Yule kijana mwambie apumzike, na asicheze mpira mpaka daktari amruhusu, kwa kuwa bandama iliyovimba hupasuka kwa kishindo.

MAALIM: Niruhusuni nilete kisa cha watu wakubwa, ili isidhaniwe kwamba kukosea sababu ya koo ni jambo la maskini peke yao. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipanda farasi katika theluji na mvua tarehe 12 Desemba mwaka 1799, kesho yake sauti ikamkwaruza, na usiku wa kuamkia tarehe 14 akaamka hawezi kuvuta pumzi wala kusema. Wakaja matabibu watatu. Walimtoa damu mara kwa mara, zaidi ya lita mbili kwa siku moja, wakambandika shingoni dawa ya kubabua ngozi, na kabla hawajafika alikuwa amepewa mchanganyiko wa siki na asali ya miwa na siagi ambao nusura umnyonge. Mdogo wao kwa umri, Elisha Dick, akatoa rai kwamba wamtoboe koromeo ili apate hewa, lakini wakubwa zake hawakuikubali. Usiku ule ule akafa, akiwa na miaka 67. Wakajadiliana baadaye ni maradhi gani, na wanachuoni hujadiliana mpaka leo, wengi wakiegemea ya kwamba kilichovimba ni kile kifuniko cha njia ya pumzi kilicho nyuma ya ulimi. Tabibu, wewe ungelifanya nini?

TABIBU: Ningeliacha kujadiliana. Tulikuwa tukisifu kutazama kinywa, sasa nasema kinyume chake, na nawaomba mnishike maneno. Mgonjwa, hasa mtoto, mwenye homa kali, asiyeweza kumeza hata mate yake yakawa yanamtiririka, aliyekaa ameinama mbele na kidevu amekitoa, pumzi zake zikitoa mlio anapovuta, huyo msimkandamize ulimi kwa kijiko, msimlaze chali, msimpe kitu kinywani. Mbebeni vile vile alivyokaa mumfikishe hospitali, kwa sababu kifuniko kile kikiguswa huweza kuziba kabisa. Kadhalika mtu ambaye koo limemuuma upande mmoja zaidi, kinywa hakifunguki sawasawa na sauti yake imekuwa kama ana kitu cha moto mdomoni, huyo ana jipu nyuma ya findofindo, nalo hutakiwa kukamuliwa na mwenye ujuzi. Na mtoto ambaye kooni mwake mmetanda utando wa kijivu ulioshikamana, ukijaribu kuutoa hutoka damu, na shingo yake imejaa pande zote mbili, huyo ana dondakoo, ambalo sumu yake huuendea moyo na mishipa ya fahamu. Emil von Behring alipata tuzo ya Nobel mwaka 1901 kwa dawa ya kuikata sumu hiyo, na dawa hiyo haina faida kubwa ikichelewa.

BIBI: Dondakoo! Hilo jina mama zetu hawakulitaja usiku.

TABIBU: Na leo kina mama wengi hawalijui, kwa sababu ya sindano ya Penta wapewayo watoto wakiwa na majuma 6, 10 na 14, ambayo huwakinga na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, na yule bakteria wa Hib ambaye alikuwa ndiye mvimbishaji mkubwa wa kifuniko kile cha pumzi kwa watoto. Lakini dondakoo halikufa; Nigeria lilizuka upya mwaka 2023 likaua watoto wengi, na wengi wa walioshikwa hawakuwa wamechanjwa sawasawa.

MAALIM: Na wasio na homa? Mimi mwenyewe koo huniwasha kila alfajiri.

TABIBU: Alfajiri bila ya homa, Maalim, na baada ya chakula kizito cha usiku, hicho ni kiungulia: tindikali ya tumbo hupanda ulalapo ikachoma koo. Kula mapema, inua kichwa cha kitanda. Mpishi wa kuni hukwaruzwa na moshi, na mlaji wa samaki aliyehisi kuchomwa ghafla ana mwiba, asimeze donge la ugali kuusukuma, maana huenda akauzamisha. Mwenye utando mweupe kinywani, na si mtoto mchanga, apimwe UKIMWI. Nanyi wavuta tumbaku na watafunaji wa tambuu, sauti ikikwaruza kupita majuma matatu, au donge likiota shingoni lisilouma, msijitibu kwa tangawizi. Hapo tunaogopa saratani.

KIJANA: Basi yule mtu wa saa tatu za usiku nimfanye nini?

BIBI: Hilo nitamjibu mimi. Muulize kwanza: mtoto anameza mate? Anavuta pumzi bila ya mlio? Ana kikohozi na mafua? Ukijibiwa ndiyo kwa yote matatu, muuzie panadoli kwa kipimo cha umri wake, umwambie asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kama ni mkubwa wa kuweza kutema, alambe asali kama amepita mwaka mmoja, anywe maji mengi, na shilingi zake zilizobaki umrudishie. Akiwa hana kikohozi, homa imepanda na mafindofindo yana usaha, umwambie asubuhi awe wa kwanza zahanati. Je, mwanangu Tabibu, nimepotea?

TABIBU: Hukupotea, Bibi. Ila mate yakimtoka, asingoje asubuhi.

Mimi mwandishi nawaunga mkono wote wawili, na hukumu yangu juu ya kisu cha kimio naitoa waziwazi: kiachwe, na fundi akija mlangoni arudishwe kwa adabu. Kijana wa duka simlaumu kama wengine wamlaumuvyo, maana yeye huwa wazi saa ambazo wenye ilimu wamefunga. Namtaka tu ajifunze kuuliza maswali yale matatu. Lakini neno langu la mwisho ni kwa wazazi wenye watoto wa shule, na kwa walimu wanaowaona kila siku kuliko sisi. Mtoto aliyelalamika koo mwezi uliopita, kisha leo goti linavimba, au anashindwa kupanda ngazi alizokuwa akizipanda mbio, mpelekeni akapimwe moyo juma hili hili. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hutibu vali zilizoharibika, lakini vali iliyobadilishwa haiwi kama ile aliyozaliwa nayo. Na mtoto ambaye moyo wake umekwisha kuguswa hulazimika kudungwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma matatu au manne, kwa miaka mingi, aghlabu mpaka awe mtu mzima.